Risasi wa Waya Wazi na Sauti ya Mdogo Wake

Ndugu, majirani, na nyote ambao redio zenu ziliwahi kupita mikononi mwa marehemu, asanteni kwa kufika. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa tumbo moja, ambaye humu ataitwa hivyo tu, mdogo wake, kwa sababu wasifu hauna "mimi". Familia ilikaa Jumatano ikapitisha ukurasa mmoja, msafi, usio na neno la kumkera mtu. Kisha ikamkabidhi mdogo wake aupeleke kwa mchapaji, kwa kuwa ana mwandiko mzuri na Alhamisi ndiyo siku yake ya mapumziko. Hapo familia ilikosea. Mlichoshika mkononi ni kurasa nne, na shemeji yake, mjane wa marehemu, atamsamehe au hatamsamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, alfajiri, mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mama muuza vitambaa. Kwa miaka minne alikuwa mfalme wa nyumba ya vyumba viwili. Tarehe 11 Februari 1965 akazaliwa mdogo wake, na ufalme ukaingia nyufa. Alipotimiza miaka tisa alifungua redio ya baba kwa kisu cha mezani, akamwambia mdogo wake kwamba ndani mlikuwa na watu wadogo sana, na kwamba wote wamekufa kwa sababu ya kelele zake. Mdogo wake alilia siku mbili, chakula hakipiti. Siku ya tatu redio ikaimba, na marehemu akatangaza kwamba amewafufua, ila safari nyingine hatahangaika. Shemeji aliomba tuweke hadithi moja ya kuchekesha ya utotoni. Ndiyo hiyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi, alikotunukiwa cheti cha ufundi wa redio mwaka 1981. Alikuwa hodari wa hesabu na wa kila kitu chenye waya. Somo moja tu lilimpiga chenga: muziki. Mwalimu wa kwaya alimweka mstari wa nyuma akamwomba afumbue mdomo bila kutoa sauti. Mstari wa mbele, katikati, alisimama mdogo wake, ambaye hata hakuwa amefikia umri wa kwaya. Alichukuliwa darasani baada ya mwalimu kumsikia akiimba chooni.

Mwaka 1982 marehemu alifungua duka la kutengeneza redio kwenye mtaa wa nyuma ya soko. Lilikuwa chumba cha hatua tatu kwa mbili, na lilikuwa lake mpaka alipolazwa. Hapo ndipo alipopata jina la Risasi, kwa tabia yake ya kushika waya wa risasi wa kulehemu kwa meno huku mikono yote miwili ikiwa kazini. Haki yake apewe: hakuwahi kumbadilishia mteja kifaa kizima akamwekea kibovu. Redio iliyomshinda alisema imemshinda. Kwenye redio alikuwa mkweli kabisa.

Bendi ya Waya Wazi ilizaliwa Jumamosi ya tarehe 14 Julai 1984, kwenye karakana ya shule ambako rafiki yao mmoja alifundisha hesabu. Mwalimu huyo alipiga besi. Seremala wa mtaani kwao alipiga ngoma alizozichonga mwenyewe, nzito kama makabati. Risasi alipiga gitaa, na mdogo wake, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, aliimba na kutunga. Vipaza sauti vyote vilijengwa na marehemu kwa mabaki ya redio zilizofia dukani. Vilinguruma, vilinuka, na mara mbili vilishika moto, lakini vilifanya kazi. Sheria yao ilikuwa moja, na marehemu aliiandika ukutani kwa chaki: HATUPIGI WIMBO WA MTU. Watu waliwaona vichaa. Mji mzima ulitaka nyimbo unazozijua, na hawa wanne wakapiga roki yao wenyewe, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kung'oa misumari. Baada ya mwaka mmoja ukumbi wa shule haukutosha, wakahamia ukumbi wa sinema.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye maisha ya mtu. Karakana ile ilikuwa na piano kuukuu kuliko mwalimu mkuu. Ilikuwa imeshuka. Kila kitufe kilitoa sauti ya chini kuliko inavyopaswa, hatua moja nzima ya muziki, lakini kwa kuwa vyote vilishuka pamoja, sikio halikulalamika. Wanne hawa hawakuwa na chombo kingine cha kupimia. Walikaza nyuzi zao kwa piano hiyo kwa miaka miwili, wakaifanya ndiyo dunia. Nyimbo zote za Waya Wazi zilitungwa kwenye dunia hiyo iliyoshuka. Wimbo wao mkubwa, "Mlango wa Bati", ulikuwa na neno "fungua" lililokaa kwenye dari kabisa ya koo la mdogo wake. Akilifikia, ukumbi ulisimama. Juu ya hapo hapakuwa na kitu, hata nafasi ya unywele.

Tarehe 19 Juni 1986, Alhamisi, waliingia studio kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na piano mpya iliyopimwa sawasawa. Fundi mitambo akawaambia wakaze vyombo vyao kulingana nayo.

"Nyie endeleeni na chai," Risasi akasema. "Nyuzi nitakaza mwenyewe."

Akakaza gitaa, akakaza na besi ya Mwalimu. Walipoanza, wote waliona muziki umechangamka, wakadhani ni uzuri wa mashine. Mdogo wake akaimba vizuri mpaka kwenye "fungua". Hapo sauti ikakatika kama uzi.

"Vipi, dogo?" Risasi aliuliza kutoka upande wa pili wa kioo.

"Sijui, kaka. Koo linakaba."

"Rudia."

Alirudia mara kumi na moja. Mara ya saba sauti ilitoka kama ya mbuzi na fundi mitambo akacheka, kisha akaomba radhi. Mara ya tisa Seremala akaanza kuangalia viatu vyake. Mara ya kumi na moja hakikutoka kitu, upepo tu. Ndipo kaka yake akabonyeza kitufe cha kuongelea, na maneno yake yakasikika kwenye spika zote za chumba, wote wakisikia.

"Imekufa, dogo. Basi. Sauti nyingine huwa zinakufa mapema. Usilazimishe, utajiumiza bure."

Mdogo wake alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alivua spika za masikioni, akaziweka juu ya kiti taratibu, akatembea hadi nyumbani kwa miguu. Hakuna aliyemfuata. Alipokata kona, Risasi akamgeukia Mwalimu. "Lete besi tuishushe kidogo. Nitaimba mimi, na mimi sina koo la dogo." Akalegeza nyuzi zote hatua moja nzima, pale pale zilipokuwa siku zote karakanani, akaimba wimbo wa mdogo wake mara moja tu, ukapita. Mwalimu, ambaye alikuwa akifundisha watoto kujumlisha na kutoa siku tano kwa wiki, hakujumlisha. Yupo hapa, safu ya tatu, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia jibu.

Wimbo ulichezwa redioni msimu mzima wa mvua. Mdogo wake aliusikia kwa mara ya kwanza kwa kinyozi, povu likiwa limebaki shavu moja. Kinyozi akasimama na wembe hewani, akatikisa kichwa kwa raha. "Huyu jamaa ana sauti, bwana! Unamjua?" Mdogo wake akasema anamjua. Akalipa, akaondoka amenyolewa upande mmoja.

Waya Wazi haikudumu bila mtunzi wake. Risasi alitunga wimbo kuhusu pikipiki, wenye beti nne, na beti zote nne zilisema pikipiki ni nzuri. Tarehe 22 Agosti 1987, kwenye ukumbi wa sinema, watu walivumilia nyimbo mbili. Ya tatu ilipoanza wakaanza kupiga viti: "Mrudishe dogo! Mrudishe dogo!" Seremala akaacha kupiga. Akainuka, akabeba ngoma ndogo akatoka nayo. Akarudi, akachukua nyingine. Risasi aliendelea kuimba kuhusu pikipiki huku ngoma zikitoka moja moja mlangoni kama watu wanaohama nyumba, na ile kubwa ikaondoka mwisho, watazamaji wawili wakisaidia kuibeba. Ukurasa ule mlioupitisha ulisema bendi ilivunjika "kutokana na majukumu ya kikazi". Mdogo wake alikuwepo ukumbini jioni hiyo. Alilipa kiingilio akakaa nyuma kabisa, akiwa na kofia. Alifurahi mpaka tumbo likamuuma.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1988 na mshona sare za shule, mwanamke mpole aliyemvumilia kuliko alivyostahili, wakajaliwa mabinti wawili. Alikuwa baba mzuri. Mabinti zake hawakuwahi kusikia neno "imekufa" juu ya kitu chochote walichojaribu, na mdogo wake alilitambua hilo, akajiuliza mbona. Yeye mwenyewe aliajiriwa kama karani wa mizani ya malori kwenye kiwanda cha saruji, yupo hapo mpaka leo. Hakuoa. Hakuimba tena, hata bafuni. Akipitiwa akaanza kumung'unya kitu, alijikatiza mwenyewe. Mtu akifiwa hamtikisi maiti kuona kama ataamka, na yeye aliamini amefiwa.

Mei 2003 mama yao aliugua, akawa anasema maneno machache. Tarehe 6 aliwaita wote wawili chumbani. Risasi alikaa dirishani akimenya chungwa.

"Mwanangu," mama akamwambia mdogo, "niimbie ule wa mlango."

"Mama, sauti ilishakufa. Unajua."

Mama akamgeukia mkubwa. "Eti kweli?"

Mdogo wake anakumbuka ganda la chungwa, refu, halijakatika, likining'inia kwenye kisu. Risasi hakuinua macho.

"Kweli, mama. Usimsumbue."

Mama akageukia ukutani. Alifariki tarehe 9, bila kuimbiwa na mtu. Lile chungwa marehemu aliligawa nusu kwa nusu siku ile ile chumbani, na mdogo wake akala nusu yake akimshukuru kaka kwa kumwokoa asiaibike mbele ya mama.

Maradhi ya mapafu yalimpata marehemu mwezi Oktoba 2022, matunda ya miaka arobaini ya moshi wa kulehemu na sigara. Alilazwa wodi namba sita, kitanda cha dirishani. Alhamisi ya tarehe 2 Machi mwaka huu alimwomba mkewe atoke nje kidogo, akamwita mdogo wake karibu. Alikuwa anaongea kwa vipande, na kati ya kipande na kipande ilibidi avute hewa ya mtungi.

"Zile nyuzi. Nilizikaza."

"Nyuzi zipi?"

"Za studio. Piano yetu ilikuwa chini. Hatua nzima. Nilijua tangu siku ya kwanza, mimi fundi. Ulikuwa unaimba juu kuliko… kuliko ulivyotunga. Haikufa, dogo. Hakuna aliyeweza kufika pale."

Mdogo wake aliuliza kitu kimoja tu. Kwa nini.

"Walikuwa wanakuangalia wewe. Kila kitu nimejenga mimi. Mpaka plagi. Nilitaka siku moja. Siku moja tu waniangalie. Nikajua kesho yake utakuja, useme tujaribu tena, nami ningezishusha. Hukuja."

"Miaka thelathini na sita, kaka."

"Hukuja."

"Na mama?"

Risasi akafumba macho. "Pale nilikuwa nimeshachelewa." Kisha akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. "Nisamehe. Niimbie mara moja, nijue sikuiua."

Mdogo wake akautoa mkono wake mle ndani, kidole kimoja kimoja, akaondoka. Kwenye ngazi za hospitali alipigana na ukuta, na ukuta ulishinda. Ndiyo maana leo karatasi hii imeshikwa kwa mkono wenye bandeji. Si kwa kubanwa na mlango, kama alivyowaambia.

Tarehe 11, Jumamosi, malori yalipokwisha, alifunga dirisha la kibanda cha mizani. Alikuwa ameazima gitaa. Alizishusha nyuzi hatua moja nzima, mpaka zikakaa kwenye dunia ile ya karakana, akaanza "Mlango wa Bati". Alijiona kama mtu anayerudi kwao. Ubeti wa kwanza ulitoka mkavu. Akajiambia ni kutu tu. Alipofika kwenye "fungua" kikatoka kikohozi. Akashusha nyuzi zaidi, akajaribu tena, akashusha tena, mpaka zikalegea zikawa zinagonga ubao, na bado hapakuwa na kitu. Ilikuwa sauti ya mzee wa miaka hamsini na minane ambaye koo lake halikufanyishwa kazi tangu ujana. Mwaka 1986 ilikuwa hai. Ilikufa baadaye, siku asiyoijua mtu, kwa kutotumiwa. Alikaa kwenye kiti cha mizani akalia kwa sauti, na hata kilio kilikuwa kibaya.

Jumatatu tarehe 13 alirudi wodini. Risasi alimtazama mlangoni kama mtuhumiwa anavyomtazama hakimu.

"Umejaribu?"

"Nimejaribu."

"Iko?"

"Iko nzima, kaka. Lile neno nalifikia nikiwa nimekaa."

Marehemu alilia kwa furaha. "Basi sikuiua. Sikuiua. Niimbie."

"Hapana."

"Dogo."

"Hapana."

"Mstari mmoja. Pole pole. Hata kwa kunong'ona."

"Sauti ni yangu, kaka, na wewe hutaisikia."

Alimwomba mara nne. Mara ya nne hakuwa na hewa ya kutosha, aliomba kwa midomo tu. Mdogo wake alivaa kofia yake, akamsalimia muuguzi vizuri kabisa, akaenda zake. Asiwepo wa kusema alipitiwa au alielemewa na uchungu wa kuuguza. Alikusudia. Alitaka kaka yake aondoke akijua kwamba ipo na kwamba amenyimwa. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mkewe akiwa amemshika mguu. Shemeji anasema usiku kucha alikuwa anageuza shingo kila mlango ulipofunguliwa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake mmoja. Mabinti, baba mdogo wenu anawaomba radhi kwa kuwafikishia haya kaburini. Baba yenu aliwapenda, na hilo halijafutwa na chochote kilichosomwa hapa.

Chini ya ukurasa wa mwisho mtaona pameandikwa: "Wimbo, Mlango wa Bati, utaimbwa na mdogo wa marehemu." Ni marehemu mwenyewe aliyeomba uwekwe, Jumatatu ile ile, mdogo wake alipokwisha kutoka, akitumaini kwamba alichonyimwa akiwa hai atapewa akiwa amelala. Shemeji aliuweka kwa nia njema. Hautaimbwa. Mtu yeyote aliyesimama hapa akamwangalia mdogo wake akirudi kwenye kiti chake kimya atadhani amekataa. Kaka yake pia alikufa akidhani hivyo.

Mungu amlaze pema. Mdogo wake amejaribu kulisema hilo kwa moyo tangu Jumanne, na leo amelisoma.